Sakafu Inayopanda

Humudi wa Daghmar kaingia dukani bila salamu,
kaibwaga mashine mezani, nyaya zikining'inia
kama mikono ya pweza aliyepigwa.
"Ichukue," akasema. "Inaniambia bahari inapungua."

Nikamwuliza wapi. Akasema mbele ya Quriyat,
pale ukingo unapokatika, chini pakawa kiza.
Mchana kina mita mia tatu. Magharibi, mia mbili.
Baada ya isha, hamsini!
"Nashusha nanga, kamba inakwisha yote,
haigusi kitu. Ghaniya, sakafu gani hiyo?"

Sikucheka. Nilitaka.

Nikaichomeka kwenye betri, nikaitazama alivyoiacha:
mitetemo elfu hamsini kwa sekunde. Sauti nene.
Nikamwambia, hii haina macho, Humudi,
ina koo na sikio tu. Inaita, kisha inasikiliza.
Ukiipa sauti nene itakufikia mbali,
hadi maji yasiyolijua jua,
ila imejitandaza kama mkeka:
samaki wawili wakisogeleana, kwake ni mmoja,
na changu aliyejilaza ubavuni mwa jabali
kwake ni jabali.
Ukiipa nyembamba, elfu mia mbili,
inapenya mahali padogo kama sindano,
inakutenganishia samaki na samaki, jiwe na mchanga.
Lakini maji huinywa. Mita mia na kitu,
pumzi zimeisha.

"Na sakafu?"

Sakafu yako inaogelea.
Ni visamaki vya urefu wa kidole, vina taa tumboni,
havihesabiki, na kila kimoja
kimebeba kibofu chake cha hewa.
Sauti nene ikikuta hewa hurudi inapiga kelele.
Mchana vimejificha chini; jua likitua vinapanda kula.
Umeona umati, ukadhani ni ardhi.
Na nguru wako unayemkesha,
yeye hana kibofu. Anakatiza katikati ya mwito
na mashine inanong'ona tu, wala huangalii.

Akanyamaza. Kiyoyozi kikakohoa.
"Basi niamini ipi?"

Sikuwa na jibu la kumuuzia.
Nikamgawia kioo mapande mawili,
nene kushoto, nyembamba kulia,
nikamtoza riali tano. Akasema tatu.
Tukaishia nne na kilo ya kibua, nikaipata kesho yake.

Jioni nilikuwa jikoni na mama.
Mama, mzaliwa wa Wete, masikio yake
daktari wa Maskati alinichorea kwenye karatasi:
mstari ukaenda, ukaenda, sawa kabisa,
kisha ukaporomoka,
na mimi nikaona ukingo wa Quriyat.
Sauti za chini anazo zote.
Mlango, gari, adhana, ngurumo ya friji.
Za juu zimezama, na herufi zake:
sini, fe, che, zote huko chini.

Nikasema, "Mama, nipe chumvi."
"Uvumi?" Akaacha kisu. "Uvumi gani? Wa nani?"
Nikapaza. Nikipaza ninakuwa mwembamba zaidi,
najua, ndiyo kazi yangu kujua,
na bado nikapaza.
"Usinifokee," akasema, "sijafa."

Basi nikaishusha sauti mpaka kifuani,
nikaiburura taratibu,
kama marehemu baba alipokuwa akiomba maji usiku.
Akageuka na mwili wote.
Neno hakulipata.
Mimi alinipata.

Kisha, kwa kuwa niliuliza,
akanipa uvumi mzima, wa jirani wa nyuma,
mahari iliyorudishwa, na nani alilia kwenye simu
(ambayo yeye, naapa, hakuweza kuisikia).
Wali tukaula hivyo hivyo,
bila chumvi.